Punda wangu mzee anakonda, nianze na dawa ipi?

SWALI: Mhariri, nina punda jike ambaye kwa hesabu zetu amevuka miaka 20, na muda wote huo amebeba maji na magunia ya mpunga pamoja na dume mwenzake. Siku hizi amekonda mpaka uti wa mgongo umetokeza, ingawa kutwa nzima namwona akitafuna. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine anasisitiza nimchome sindano ya ugonjwa unaoenezwa na ndorobo (mbung'o). Nianze na ipi, au ndio uzee wenyewe?
Msomaji, Nzega, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, uzee peke yake si sababu ya kukonda kiasi hicho, kwani punda anayetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 30. Kabla ya dawa yoyote, chunguza habari ya meno. Meno ya punda huendelea kuchomoza kadiri yanavyosagika, na kwa kuwa magego hayasagiki sawasawa, kingo za nje za yale ya juu na za ndani za yale ya chini huwa kali, zikachana mashavu na ulimi. Kwa mnyama mzee mengine hulegea na kung'oka. Simama karibu naye anapokula. Akidondosha mabonge ya majani yaliyolowa mate, au ukikuta nyuzi ndefu za majani katika kinyesi chake, ujue anatafuna bila kushiba. Usiingize mkono kinywani mwake. Mwombe afisa mifugo wa kata akuunganishe na daktari wa mifugo mwenye kifaa cha kumfungua kinywa na tupa ya kusawazisha kingo hizo.

Kwa sasa mkatie majani mabichi vipande vifupi na umpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Pumba ziwe chache na ziloweshwe kwanza, maana zikizidi huleta msokoto wa tumbo na uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato.

Majirani zako wana hoja, kwa kuwa minyoo ipo na misitu ya miombo ya Tabora ina ndorobo, lakini kinyesi na damu vipimwe kwanza. Sindano ya ndorobo iitwayo daiminazini ina madhara zaidi kwa punda kuliko kwa ng'ombe, hivyo daktari ndiye akadirie uzito na kupanga kipimo. Hatari kubwa zaidi, ambayo wafugaji wengi hawaijui, ni kumwogesha punda kwa dawa ya kupe yenye amitrazi: ng'ombe huivumilia, ilhali punda na farasi huweza kuziba utumbo na kufa. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kumpeleka joshoni. Vilevile asilambe masalio ya chakula cha kuku, kwani baadhi huwekewa dawa ambayo huua moyo wa punda.

Aache kubeba mizigo mpaka mgongo ujae nyama, ila usimtenge na dume wake. Punda aliyezoeana na mwenzake akitenganishwa huweza kususa chakula, na akikaa siku moja au mbili bila kula, mafuta ya mwilini humiminika katika damu na kulizidi ini. Akisusa, mwite daktari siku hiyohiyo.