Mzamiaji mwenzangu, bega likiuma usifiche

Kazi yangu ni kuongoza wageni chini ya maji huku kaskazini mwa Unguja. Ninayoandika hapa nayaelekeza kwanza kwa vijana wenzangu wa kazi hii, na kwa wavuvi wa majongoo bahari wanaozama kwa mitungi. Mgeni ana bima na kadi yenye namba ya dharura mfukoni. Sisi tuna aibu. Mtu anapanda botini bega linamuuma, anasema amebeba mtungi vibaya. Akihisi ganzi mguuni anameza panadoli na kulala, kwa kuogopa kuambiwa hajui kazi au kukosa zamu ya kesho. Kumbe huenda ni ugonjwa wa mapovu, unaompata mzamiaji anapopanda kutoka kina. Wapo wanaotembelea fimbo leo kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Ukishuka mita 10 tu, presha inayokukandamiza inakuwa mara mbili ya ile ya juu ya maji, na kila mita 10 inaongezeka tena kwa kiasi kilekile. Kwa presha hiyo nitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili. Ukipanda taratibu inatoka kupitia mapafu. Ukipanda upesi, au ukiwa umekaa chini kupita kiasi, inageuka mapovu hukohuko ilipo: kwenye kiungo, kwenye ngozi, kwenye uti wa mgongo. Na mara nyingine mapovu humpata hata aliyefuata bila kukosea kompyuta yake ya mkononi inayopima kina na muda. Mimi yalinipata baada ya mbizi za kawaida kabisa, kile kituo cha kusubiri mita 5 kabla ya kutoka majini nikiwa nimekitimiza. Kwa hiyo yakikupata usijitetee kwa mtu. Sema hapohapo, mbele ya nahodha na wageni wote.

Ukishasema, ulale chali na uvute oksijeni tupu kwa barakoa inayobana uso, hata kama unahisi nafuu. Kunywa maji kidogo kidogo kama una fahamu nzuri. Usikandwe. Usirudi majini kwa kudhani utayazamisha mapovu, maana ukiishiwa nguvu za miguu mita 15 chini hakuna wa kukuokoa. Mwenzako aandike kina, muda na saa uliyotoka majini, na kompyuta yako iende nawe hospitali.

Daktari alipoanza kunihoji hakuuliza bega. Aliuliza kama nimekojoa. Mzamiaji anayeshindwa kukojoa huenda uti wa mgongo umeguswa, na huyo hasubiri asubuhi.

Huku kwetu chemba ya wazamiaji, yaani chumba cha kutibia mapovu kwa presha, iliwekwa Matemwe. Lakini pigeni simu kwanza, kwa kuwa chemba bila daktari na fundi wake ni chuma tu. Shirika la DAN (Divers Alert Network), la usalama wa wazamiaji, lina simu ya dharura saa 24 na linajua chemba ipi iko tayari. Mgonjwa akilazimika kusafirishwa kwa ndege, iruke chini sana, isizidi mita 300, au iwe na presha ya ndani kama ya usawa wa bahari. Safari za nchi kavu za kupanda miinuko nazo zina hatari yake, kwa kuwa juu presha ya hewa inapungua: aliyezama Mombasa asubuhi kisha akapanda treni ya jioni kwenda Nairobi, au aliyetoka Tanga akakwea Lushoto siku hiyohiyo, amefanya sawa na aliyepanda ndege.

Chemba yenyewe ni bomba nene la chuma lenye vidirisha vya duara, mnaingia wewe na muuguzi. Simu, kiberiti, mafuta ya kujipaka na nguo za nailoni vinabaki nje. Unavaa pamba tupu, kwa kuwa penye oksijeni nyingi cheche moja inatosha. Mlango ukifungwa hewa inaingia kwa kishindo, joto linapanda mpaka jasho linakutoka, na masikio unayazibua vilevile kama unaposhuka baharini. Jedwali la tiba, yaani ratiba ya presha na muda, linalotumika sana ni namba 6 la Jeshi la Majini la Marekani. Presha ya chemba inapandishwa iwe kama ya mita 18 majini, unavuta oksijeni dakika 20, unarudishiwa hewa ya kawaida dakika 5, kisha tena. Baadaye inapunguzwa iwe kama ya mita 9 na unaendelea. Jumla ni saa 4 na dakika 45. Zile dakika za hewa usizidharau: oksijeni ikizidi kwa presha ile huweza kuleta degedege. Presha inayabana mapovu yasinyae, oksijeni inaifukuza nitrojeni, na sehemu ya mwili iliyokosa damu inapata oksijeni iliyoyeyuka ndani ya majimaji ya damu. Bega langu lilianza kulegea nikiwa bado mita 18.

Tangu hapo naulizwa sana kama chemba inatibu usonji, saratani au uzee. Hapana, hakuna ushahidi, na anayekuuzia hivyo anakula pesa yako. Kuna magonjwa mengine ambayo kweli inasaidia: sumu ya moshi wa jenereta au mkaa, baadhi ya vidonda vya miguu vya kisukari visivyopona, madhara ya mionzi. Hayo ni ya daktari kuamua. Mwaka 2025 mtoto wa miaka 5 alifariki Michigan, Marekani, chemba ilipowaka moto. Usimlaze mwanao humo kwa kujaribu bahati.

Neno la mwisho ni kwa wenye boti. Mtungi wa oksijeni wa lita 2 uliojazwa bar 200 una lita 400. Kwa lita 15 kwa dakika unakwisha kabla ya nusu saa, na kutoka mwambani hadi ufukweni, kisha gari mpaka chemba, nusu saa haitoshi. Wekeni wa lita 10, utakaa saa mbili na zaidi. Na wewe kiongozi, kabla ya kung'oa nanga ufungue valvu mwenyewe, usome mshale wa presha, uvute pumzi kwenye barakoa. Ukikuta mtungi mtupu, boti isitoke.