Kabla Ufomati Diski, Soma Hiyo Namba

Watu wengi wakiona namba ya erra ya Windows kama 0x80070570 kwa skrini wanabonyeza OK, tena OK, halafu wanabeba mashine hadi hapa Kondele, Kisumu, "fundi, inasema tu erra." Erra gani? Hajui, alishafunga. Mimi nakuomba kitu kimoja tu, kabla ufunge hicho kidirisha toa simu upige picha, juu hiyo namba ndiyo inasema kama ni kazi ndogo ama tunaanza kuombea data.

Iko hivi. Namba ya Windows ikianza na 0x8007 achana na hiyo ya mbele, shika zile nne za mwisho. Fungua kalkuleta ya kompyuta, weka Programmer, bonyeza HEX uandike 570, pale kwa DEC utaona 1392. Sasa ingia Command Prompt, ile skrini nyeusi ya kuandika amri, uandike net helpmsg 1392, Windows yenyewe itakwambia faili ama folda imeharibika na haisomeki. Hata bando huhitaji. 0x80070070 nayo inakupa 112, yaani diski imejaa tu, na kuna watu wameuziwa diski mpya kwa sababu ya hiyo, wacha ninyamaze.

1392 mara nyingi ni ile orodha ya faili imevurugika, ni kama kitabu cha wageni cha lojingi kimeraruka kurasa lakini wageni bado wako vyumbani. Huku Kisumu mvua ya jioni ikianza na stima ipotee, desktop haina UPS, ile betri ya akiba, hiyo ndiyo unapata, ama mtu amechomoa flashi ikiandika. Kopi zile faili bado zinafunguka, halafu chkdsk /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa kawaida inamaliza hiyo.

Zenye zinanitia wasiwasi ni 0x80070017, hiyo ni 23, data imesomwa lakini hesabu ya kuihakiki imekataa, na 0x8007045D ambayo ni 1117, kifaa chenyewe kimeshindwa kusoma ama kuandika. Hapo usiguse chkdsk /r tafadhali. Hiyo /r inapitia diski yote sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande, na diski mgonjwa ukiipa kazi ya usiku mzima unaimalizia.

Kuna mwalimu wa Ahero alileta diski ya nje yenye marks za darasa, ukiweka sikio unaskia tik, tik, tik, inanyamaza, inaanza tena, na kuna mtu alikuwa amemshauri aiwashie /r alale. Nikamwambia, "Mwalimu, chomoa kwanza." Tulianza na folda ya marks peke yake, hiyo ikatoka, zingine nikazivuta na ddrescue, programu ya kuokoa data kwa Linux, hiyo inachukua kwanza penye panasomeka vizuri na kurudia pabaya baadaye. Picha kadhaa zilienda kabisa.

Pia weka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ni ya bure. Kwa hard disk angalia mistari ya 05, C5 na C6, hiyo inahesabu sehemu mbovu ama zenye shaka, kwa ile safu ya Raw Values. C5 ikiwa inapanda kila wiki tafuta diski ingine sasa, usingoje mwisho wa mwezi. Lakini kama hizo tatu ni sifuri na inayopanda ni C7, yaani makosa ya data ikipita kati ya diski na kompyuta, shida mara nyingi ni waya, kwa hivyo badilisha waya kwanza, ni pesa kidogo sana ukilinganisha na diski.