Ufini ukisema "nzuri" wanakuamini

Kila mwaka majibu ya vyuo yakianza kutoka, wadogo zangu wananijazia inboksi na maswali ni yale yale, kaka baridi ikoje, kaka vibarua vinapatikana, kaka nibebe unga kilo ngapi. Sijawahi kuulizwa na yeyote kuhusu kitu kilichotaka kunirudisha nyumbani mwaka wa kwanza, na hakikuwa baridi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku wa manane, basi leo naandika yote hapa niwe natuma linki tu.

Mimi mtu wa Njombe, kwetu mashamba ya paini yanaanzia nyuma ya choo. Nikasoma misitu pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, halafu Agosti 2022 nikaenda Joensuu, mji mdogo mashariki kabisa mwa Ufini, kufanya masters ya misitu. Sasa mtu wa Njombe anajiona baridi anaijua, si tumezoea kuamka Julai tunakuta sakitu kwenye majani. Nilivyokutana na nyuzi 27 chini ya sifuri, vinywele vya ndani ya pua vikagandana na simu ikazima mkononi ikiwa na chaji nusu, nikawapigia nyumbani kuwaambia kwamba ile ya kwetu ni hali ya hewa nzuri tu.

Ila baridi inanunuliwa koti inaisha. Kilichonitesa ni salamu.

Fikiria sisi tunavyosalimiana. Habari za asubuhi? Nzuri. Hata kama umelala na njaa, hata kama umetoka kuzika, unaanza na nzuri, halafu unavuta pumzi, "ila mama anaumwa kidogo". Na yule anayekuuliza anajua mchezo, atauliza tena, habari za nyumbani, watoto, kazi, mpaka ile "ila" itoke yenyewe. Yaani msaada kwetu unakuja kwenye swali la tatu au la nne. Mfini anauliza mara moja. Ukimjibu nzuri amekuamini, ameondoka, na hajafanya ubaya wowote, amekuheshimu kama mtu mzima anayejua hali yake mwenyewe.

Usiku wangu wa kwanza ndo nilianza kuliwa na hii kitu. Nimeshuka uwanja wa ndege Helsinki, nikapanda treni pale Tikkurila (msihangaike kwenda mpaka Helsinki mjini, treni ya Joensuu inapita Tikkurila), masaa manne na ushee hadi Joensuu, nikapewa funguo za chumba cha wanafunzi. Nafungua mlango, sakafu. Kitanda hamna, godoro hamna, pazia hamna, hata taa ya darini hamna, ni waya tu unaning'inia. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba kwamba chumba hakina samani, mimi nilisoma bei ya kodi nikasaini. Nimelala chini juu ya koti, begi ndo mto, tochi ya simu inamulika ukuta, mara meseji ikaingia kutoka kwa mwanafunzi aliyepangiwa kutupokea sisi wageni, huwa wanamwita tutori. Umefika salama? Kila kitu kiko sawa? Nami nikajibu hivi, nakumbuka mpaka leo: ndio, kila kitu kiko sawa, asante sana.

Nikalala chini siku nne! Siku ya tano tukakutana chuoni, nikamwambia kwa kucheka kama utani, yule kijana akashtuka mpaka akawa mwekundu. Jioni ile ile akaja na gari la baba yake tukaenda duka la vitu vilivyotumika, nikapata kitanda cha mbao na godoro kwa hela ndogo tu. Kumbe angekuja siku ya kwanza. Kwa hiyo ukipata chumba soma kama kina samani, na kabla hujapanda ndege uliza chama cha wanafunzi, miji kadhaa wanakodisha boksi la vyombo na mashuka kwa wageni. Maduka ya mitumba yapo kila mji, neno la kutafuta ni kirpputori, usinunue sufuria mpya.

Turudi nyuma kidogo kwenye hela maana hapa hamna masihara. Kwa sisi tunaotoka nje ya Ulaya masomo ya kiingereza yanalipiwa ada tangu 2017, na ada ni maelfu ya euro kwa mwaka, hivyo pambania skolashipu ya chuo chenyewe. Kibali cha ukaazi unaomba idara ya uhamiaji, Migri, na lazima uonyeshe hela ya kujikimu kwenye akaunti yako mwenyewe. Mimi wakati wangu ilikuwa euro 560 kwa mwezi, sasa hivi ni 800, zidisha mara kumi na mbili uone. Na usikope kwa mjomba ionekane kwenye karatasi halafu uirudishe, kwa sababu wanaweza kukukagua ukiwa tayari uko kule. Misaada ya serikali unayosikia Wafini wanapewa, ile ya kujikimu, usiiguse bila kuuliza kwanza, inaweza kukuponza kibali. Ada yenyewe lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, usimpitishie mtu wala ofisi ya katikati. Majirani zetu Kenya walipata somo hilo, mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kwa sababu ya hela walizotoa watoto wakasome Ufini na Kanada.

Ukishafika kuna ile wiki ya makaratasi. Unajiandikisha upewe namba ya utambulisho ya Ufini, bila hiyo wewe ni kivuli. Benki ndo jipangeni, benki moja mimi ilinizungusha wiki sita, na kule akaunti ya benki ndo kitambulisho chako cha mtandaoni, unaingilia nayo kila mahali, hospitali, kodi, kila kitu. Weka miadi ya benki wiki ya kwanza.

Halafu kuna ada ya afya. Hii nawasimulia kwa sababu inaonyesha nchi yenyewe ilivyo. Kila muhula mwanafunzi wa digrii analipa ada (wakati wangu ilikuwa euro thelathini na kitu) kwa Kela, shirika lao la hifadhi ya jamii, na kwa hiyo hela unatibiwa na YTHS, huduma ya afya ya wanafunzi, daktari, meno, mpaka mtaalamu wa afya ya akili. Ni bei ya bure kabisa. Sasa ankara haiji. Hawakutumii. Unatakiwa ujue mwenyewe, ukalipe mwenyewe kabla ya tarehe. Mimi mtoto wa kufuatwa na mwenyekiti wa mtaa kwa mchango wa mwenge nikakaa nasubiri ankara, ikaja barua ya kukumbushwa ikiwa na faini juu. Kila kitu kule kiko hivyo, mlango uko wazi kabisa ila hakuna wa kukuita ndani.

Sasa Novemba. Joensuu mwezi wa kumi na mbili jua linatoka kama saa tatu na nusu asubuhi na kabla ya saa tisa mchana limeshazama, na Novemba ndo unaelekea huko huku theluji haijakaa vizuri, kwa hiyo chini ni matope meusi na juu ni wingu jeusi. Nilikuwa na kozi ya takwimu, tunatumia programu ya R ambayo wenzangu walishaigusa na mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza sijaelewa, nikajisemea nitasoma. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikaacha kwenda maana naenda kufanya nini. Nalala saa kumi alfajiri, naamka giza, nalala tena. Nyumbani wakipiga, nzuri. Tutori akiuliza, nzuri. Mwalimu akatuma barua pepe kwamba hajaona kazi yangu, kuna shida yoyote? Nikamjibu hakuna shida, nitatuma kesho.

Nikafeli, na skolashipu yangu ilikuwa na sharti la idadi ya krediti, yaani pointi za kozi ulizofaulu, kwa mwaka.

Nilienda ofisini kwa mwalimu huku nimevaa shati la kuchomekea na nimepanga hotuba, nimekariri mheshimiwa profesa samahani kwa usumbufu. Mama wa watu kavaa soksi za sufu, viatu kaviacha mlangoni. (Wanaitwa kwa jina la kwanza maprofesa wote, mimi ilinichukua mwaka mzima kuzoea, ulimi ulikuwa unakataa kabisa.) Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kimya cha Kifini ambacho unaweza kukisikia kinapita, halafu akauliza: mbona uliniandikia kwamba hakuna shida? Hakuuliza kwa hasira, alikuwa anataka kujua kweli. Sikuwa na jibu. Ningemwelezaje kwamba kwetu "hakuna shida" ni adabu?

Akafungua kalenda. Mtihani wa marudio Januari, marudio kule siyo aibu, ni kitu cha kawaida kabisa. Akaniandikia jina la mwanafunzi wa PhD wa kukaa naye saa moja kila Jumatano. Akanipeleka kwa mshauri wa masomo tukapanga upya ratiba yangu, wana ule mpango wa masomo wa mtu binafsi unaitwa HOPS, nilidhani ni fomu ya kujaza tu na kumbe ndo chombo chenyewe. Na akaniambia kuna saikolojisti wa masomo, kazi yake ni watu kama mimi. Yote hayo kwa dakika ishirini, na yote yalikuwepo tangu Septemba.

Saikolojisti nilienda kwa kujificha, nikiogopa Mtanzania mwenzangu asinione naonekana kichaa. Sio hivyo. Tuliongea zaidi kuhusu usingizi. Akaniambia nitoke nje ule mchana mfupi hata kama sitaki, nitumie vitamini D, niweke saa ya kuamka isiyobadilika. Kama wewe ni mtu wa ibada vyuo vingi vina mchungaji wa chuo, anaongea na yeyote hata usipokuwa Mlutheri, na chai ipo.

Nilichojifunza kufanya ni hiki, na ndo ushauri wangu mkubwa. Andika ujumbe wa mistari mitatu. Wa kwanza, nimekwama hapa. Wa pili, nimejaribu hivi. Wa tatu, naomba hiki. Usianze na natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, wataisoma lakini hawataona shida iko wapi. Mwanzoni utajiona huna adabu, zoea.

Mengine ya haraka haraka. Chakula cha mchana kantini za wanafunzi wakati wangu hakikufika euro tatu ukiwa na kadi ya mwanafunzi, pamoja na saladi, mkate na kinywaji, shiba hapo, jioni utajijua. Unga wa ugali Joensuu ni wa kubahatisha, sisi tulisonga wa mannasuurimo, semolina ya ngano, kwa mchuzi wa samaki inapita. Ratiba ikiandikwa saa 10 mara nyingi kipindi kinaanza na robo, ila miadi ya daktari ya saa 10 ni saa 10, na hiyo 10 ni saa nne yetu, kuna mtu namjua (sio mimi) alienda kliniki jioni. Vaa heijastin, kile kidude kinachong'aa kwenye koti, gizani madereva hawakuoni. Kazi unaruhusiwa wastani wa masaa 30 kwa wiki lakini bila Kifini utabaki kwenye usafi na kusambaza vyakula, na kwenye miji midogo hata hizo zinagombaniwa, kwa hiyo usipige hesabu ya ada kwa mshahara ambao hujaupata. Kozi ya Kifini ya chuo ni bure, anza muhula wa kwanza, mimi nilianza wa tatu na najuta. Usiseme lugha ngumu, Chuo Kikuu cha Helsinki kuna Wafini wanajifunza Kiswahili na ngeli zake zote, na Profesa mstaafu Arvi Hurskainen wa hapo hapo ametumia miaka mingi kuifundisha kompyuta sarufi yetu.

Kile kitanda cha mbao kilikuwa na mguu unaoyumba. Nilikivumilia toka Agosti, kila nikigeuka kinalia kriii. Februari, baada ya hayo yote, nikagonga kwa jirani wa mlango wa pembeni, Mfini mmoja mrefu ambaye kwa miezi sita tulikuwa tunasubiriana nyuma ya milango ili tusikutane koridoni. Nikamwambia, nina shida, kitanda changu kinayumba, una spana? Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na boksi zima la vifaa, akanipita akaingia chumbani kwangu, akalala chali chini ya kitanda dakika tano, akainuka akajipangusa, akasema "noin", yaani haya tayari, akaondoka. Hakikuyumba tena mpaka 2024 nilipomaliza nikamuuzia Mganda mmoja kwa euro 20, na jirani ndo alinisaidia kukishusha ngazi.