Muulize Dada Blogu: "Blogu si zilishakufa?"

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kwa kona moja, kwa hiyo leo habari za simu na bando tuziweke pembeni, tuongelee blogu zenyewe.

Shikamoo dada. Mi niko chuo, nataka kufungua blogu ya kilimo cha zabibu na wakulima wa huku. Wenzangu wananicheka, eti blogu zilishakufa, nifungue TikTok. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Waache wacheke. Blogu za Bongo hazikuanzishwa na watu wenye vifaa vya maana. Ndesanjo Macha alikuwa anaandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili yuko zake Marekani, enzi hizo wengi wetu hata imeili tunaifungulia intaneti kafe kwa kulipia nusu saa, halafu 2005 akakutana na Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, kwenye mkutano kule Helsinki akamfungulia blogu hukohuko. Michuzi karudi Dar akawa anatupia mapicha, harusi, misiba, wakubwa wakishuka ndege, na maneno mawili matatu chini, mara "wadau", mara "libeneke", watu wakambatiza Ankal na jina likaganda. Ukiniuliza mimi nguvu ya blogu ile haikuwa picha, ilikuwa komenti. Mtu anaweka picha ya mtaa, wa Ughaibuni anauliza ile nyumba ya kona bado ipo, wa Kinondoni anamjibu, wa tatu anawatukana wote wawili, na wewe umekaa unasoma mpaka chai inapoa.

Sasa zikaja blogu nyingine mia kidogo, na nyingi kazi yake ikawa kopi na pesti. Ukifungua ya kwanza unakuta "Mheshimiwa (wa tatu kushoto) akikata utepe", ukifungua ya pili utepe uleule, ya tatu hivyohivyo na lile kosa la herufi kwenye jina la mheshimiwa wameliacha kama lilivyo. Nani atarudi kesho kuangalia utepe? Mi nasema hizo blogu hazikuuliwa na Facebook wala Instagram, zilishaanza kuchosha kabla.

TikTok fungua, sikukatazi, itakuletea watu. Ila mkulima wa Hombolo akiona majani ya mzabibu yana unga mweupe ataingia Google aandike "ubwiri unga kwenye zabibu", na video yako ya mwaka jana uliyocheza na muziki juu hataiona. Akute umeandika dalili zikoje, picha ya jani umeipiga kwa karibu, dawa gani wanapulizia na wakati gani, bei ya kilo msimu uliopita, nani alinunua na nani aliwakopa mpaka leo hajalipa (hapo majina kuwa nayo makini). Watafiti wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Makutupora si wako hukohuko kwenu, nenda kawaulize. Hiyo ndo blogu, na hamna mtu wa kukopi utepe atakayekufikia.

Dada, zamani nikikumbuka nyumbani naingia kwenye blogu nasoma komenti nacheka peke yangu kwenye treni. Sikuhizi ni magrupu ya WhatsApp tu. Au ni mimi nimezeeka?
*Mdau, Reading, Uingereza*

Kuzeeka tumezeeka wote kaka, ila hujakosea. Google Reader, iliyokuwa inatukusanyia posti mpya za blogu zote sehemu moja, ilipofungwa Julai 2013 wengi tukapoteza mazoea ya kufuata blogu zetu moja moja, tukawa tunasubiri Facebook ituchagulie cha kusoma. Maongezi nayo yakahamia kwenye magrupu. Na grupu tamu, sikatai, ila jaribu kutafuta kitu humo. Mtu kauliza utaratibu wa kutoa gari bandarini, mwenye uzoefu kajibu vizuri hatua kwa hatua, dakika kumi mbele kuna msiba umetangazwa, "pole sana" arobaini, stika, sala ya asubuhi iliyotumwa mara nyingi, basi lile jibu limezama. Wiki ijayo mwingine anauliza swali lilelile na yule mwenye uzoefu ameshachoka, anakaa kimya. Asiye kwenye grupu ndo kabisa, hatajua kama liliwahi kujibiwa.

Hivi ile leseni ya blogu ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) bado ipo? Niliacha kublogu kwa ajili yake.
*Aliyekata tamaa, Mwanza*

Ulikuwa na haki ya kukata tamaa. Kanuni za 2018 zilitaka shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka, sasa mtu anayeandika mashairi yake usiku baada ya kazi aitoe wapi? Juni ile hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ilizima kwa muda. Na mwenye blogu akabebeshwa kuchunga kila kinachopostiwa na wageni, ndo maana wengine waliona bora wafunge komenti kabisa, hilo nalo lilitumaliza. Kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo na ada zikashushwa, kwa hiyo usiamue kwa hasira za 2018. Wapigie TCRA wenyewe, waambie unataka kuandika nini hasa, maana habari na matukio si sawa na mapishi. Usiniamini mimi, wala usimwamini mtu wa kwenye grupu.

Mtu amechukua makala yangu ya milango ya Mji wa Kale, yote na picha, kaweka jina lake! Nimemwandikia akanibloki.
*Msomaji, Mombasa*

Pole dadangu. Kwanza piga skrinishoti ukurasa wake, tarehe na linki vionekane, kabla hajafuta. Kama blogu yake iko Blogspot (huduma ya blogu ya Google), Google wana fomu ya malalamiko ya hakimiliki, jaza uweke linki yako na yake. Kama iko kwengine muandikie kampuni inayomhifadhia tovuti, na kwenu Kenya sheria ya hakimiliki ilirekebishwa 2019 ikaweka utaratibu wa kudai kazi yako ishushwe. Kugombana naye kwenye komenti achana nako, unamwongezea wasomaji.

Nikimwachia ChatGPT aniandikie posti zote kuna ubaya?
*Mvivu, Arusha*

Umejiita mwenyewe mvivu, mi sijasema. Mwachie akupangie vichwa vya habari ukitaka. Ila soko la Kilombero leo nyanya debe ni shilingi ngapi yeye hajaenda, na mimi nikifungua blogu ya mtu wa Arusha hicho ndo ninachotaka kujua.