Shavu kwanza, bega baadaye

SWALI: Shikamoo Kocha. Ninalenga shabaha kwa bunduki ya klabu ya .22 (ya risasi ndogo) yenye darubini. Nikilala kifudifudi risasi hukaa pamoja. Nikisimama zinatawanyika, shingo inauma, na ndani ya darubini naona kivuli cheusi upande mmoja. Mimi ni mfupi. Wenzangu wanasema nizidishe mazoezi ya kusimama. Tatizo ni mwili wangu?

JIBU: Marahaba. Mwili wako hauna tatizo. Kitako cha bunduki, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani, hakikukai, na huniuma kuona mlengaji mchanga akiambiwa ajikaze ilhali chombo ndicho cha kurekebishwa.

Ukilala, viwiko viko chini na kichwa huteleza mbele juu ya kitako, hivyo urefu wa kitako uliozidi kwako haujionyeshi. Ukisimama, kitako kirefu hutoka begani kikaegemea mkono, uzito unakwenda mbele, nawe unapinda mgongo kuurudisha. Kidole kinafikia kifyatulio kwa taabu na kukivuta pembeni.

Kivuli maana yake jicho haliko katikati ya darubini. Vitako vingi vya zamani vilichongwa kwa vilengeo vya chuma vinavyokaa karibu na mtutu. Darubini hukaa juu zaidi, kwa hiyo uso huinuka kuitafuta, ukabaki unagusa mbao kwa taya tu. Kichwa kisicho na pa kuegemea hubadilisha mahali kila risasi. Jicho likihama, msalaba wa ndani ya darubini nao waweza kuonekana umehama juu ya shabaha hata kama bunduki imetulia.

Jipime hivi. Hakikisha chemba, mahali risasi inapokaa, ni tupu, mtutu uelekee kwenye shabaha. Vaa koti lako la kulengea, maana unene wake ni sawa na kurefusha kitako. Fumba macho, weka bunduki begani kichwa kikiwa wima, laza shavu hadi litulie, kisha fumbua. Ikikulazimu kuinua uso ili uone duara zima, pa kulaza shavu pako chini mno. Funga sponji ngumu hapo kwa utepe, uongeze kidogo kidogo, na uangalie bolti, kile chuma unachovuta ili kupakia, inarudi nyuma yote bila kugonga sponji.

Ndipo uje kwenye urefu: kama kitako kina vipande vya kuongezea, toa kimoja. Kile kipimo cha kulaza kitako kwenye kiwiko na kutazama kidole kinafika wapi hupima mkono; shingo hakiijui, usikitegemee. Baada ya kufupisha, rekebisha umbali wa darubini na jicho.

Kibao cha bega, yaani mwisho wa kitako unaogusa bega, kikiwa kinasogea, kishushe unaposimama ili bunduki ipande kwenye jicho; ukilala, kipandishe. Wanaoshindana mita 50 kwa mikao mitatu (kupiga goti, kulala na kusimama) hukibadilisha kati ya mkao na mkao. Bunduki ni ya klabu, kwa hiyo omba ruhusa kwanza, na chora alama za penseli kila kipimo kilipokuwa kabla hujakigusa.