Kwa mnaoanza na bakteria wa mpunga huku Moshi

Wadogo zangu, wengi mnakimbilia mashine na kompyuta ila kazi hii inaamuliwa jarubani na kwenye kuosha. Ukifika kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini au Chekereni usivute mche, chimba utoke na udongo wake, maana bakteria wa udongo ulioshika mzizi sio walewale walioko juu ya mzizi wenyewe, na wa ndani ni kundi lingine, dogo zaidi. Ukizichanganya hizo sehemu tatu huwezi kuzitenganisha tena.

Af uangalie mzizi vizuri. Mara nyingi utakuta una rangi ya kutu, hiyo ni chuma: mpunga unashusha hewa toka majani mpaka mizizini, oksijeni inavuja nje na chuma kilichoyeyuka kwenye tope kinaganda hapohapo. Kwahiyo karibu kabisa na mzizi unakuta bakteria wanaohitaji hewa, wengine wanakula gesi ya methani, na milimita chache tu pembeni tope halina hewa, huko arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria ila ni kundi lingine) ndo wanaitengeneza hiyo methani. Ndo maana nasisitiza andika jaruba lilikuwa na maji au limekauka, mpunga una wiki ngapi toka upandikizwe, na mbegu gani, SARO 5 sio IR64.

Kwa wale bakteria wa ndani ya mzizi, unausafisha mzizi na spiriti ya asilimia 70, kisha klorini, halafu unasuuza mara kadhaa kwa maji yasiyo na vijidudu. Yale maji ya mwisho usimwage jamani! Yaoteshe kwenye sahani ya maabara na uyapitishe PCR pia (njia ya kunakili DNA mpaka ionekane), kwa sababu bakteria aliyekufa haoti lakini DNA yake bado ipo. Bila hicho kipimo huwezi kusema hawa walitoka ndani.

Majani yana shida yake, kloroplasti na mitokondria, zile sehemu ndogo ndani ya seli za mmea, asili yake ni bakteria wa zamani, sasa ukisoma jeni ya 16S (ile tunayotumia kutambua bakteria) zinaweza kujaa kwenye data zikameza karibu kila kitu. Ulizia praima ya 799F, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia PCR kinachokwepa kloroplasti, kabla hujalipia.

Na ukiona jina la Xanthomonas, jenasi yenye bakteria wanaougonjesha mpunga, kwenye majibu usimpigie mkulima kumwambia mpunga wake unaumwa. Jenasi hiyo ina wasio na madhara pia na kipande cha 16S hakikutajii yupi ni yupi. Rudi shambani kwanza uangalie majani kama yana michirizi ya njano inayokauka toka ukingoni.