Kiwanja cha ufukweni au kilima nyuma ya ghuba? Jibu kwa afande anayestaafu

SWALI: Mhandisi, nastaafu jeshini mwakani nikiwa na miaka 52. Utumishi wangu karibu wote nimeumalizia kambi za bara, na siku zote nimejiambia uzee wangu utakuwa pwani. Nina miji miwili mezani. Wa kwanza umekaa wazi mbele ya bahari kuu. Nimeonyeshwa kiwanja cha mchanga kilicho mita 40 kutoka maji yanapofika, na pembeni yake kuna nyumba ya zege inauzwa. Wa pili uko ndani ya ghuba, pale mto unapoingilia baharini. Si mzuri kwa macho, ila una hospitali kubwa, na nyuma yake kuna kilima. Goti langu la kulia ni bovu na masikio yaliharibiwa na mizinga. Kiinua mgongo kitanitosha kujenga mara moja tu. Nichague upi, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Afande, hizo mita 40 zilipimwa siku gani ya mwezi? Kama ulionyeshwa kiwanja wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, bahari ilikuwa imejikunja. Rudi siku ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, ukae pale mpaka maji yajae kabisa. Ukiweza kuchagua, nenda karibu na mwezi Machi au Septemba, ambapo bamvua huwa kubwa zaidi, na siku ambayo upepo unavuma kutoka baharini. Kwenye mchanga uliolala, maji yakipanda kidogo tu kwenda juu hutambaa mbali sana kuelekea nchi kavu. Mita 40 za dalali zinaweza kuwa 15.

Jibu langu fupi ni mji wa pili, juu ya kilima. Kule chini, kwenye ukingo wa mto, usikaribie, hata wakikupunguzia bei.

Nianze na ardhi, kwa sababu ndiyo kitu pekee usichoweza kukarabati. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na kasi imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Hata kasi hiyo isipoongezeka tena, ukifika miaka 82 bahari itakuwa imepanda sentimita 11. Utasema ni kidogo, hazizidi sana kifundo cha mguu. Lakini ufuo wa mchanga haupandi pamoja na maji, huliwa kurudi nyuma. Sisi wa kazi hii tuna kanuni ya kukisia, ya mwaka 1962: kila kipimo kimoja cha bahari kupanda, ufuo hurudi nyuma vipimo 50 hadi 100. Ni kisio tu, na fukwe nyingi haziitii, ila inakupa picha: sentimita 11 ni mita tano na nusu hadi 11 za kiwanja chako. Hapo sijaweka dhoruba, ambayo huweza kung'oa mita kama hizo usiku mmoja.

Usiniambie utajenga ukuta. Ukuta wa kuzuia mawimbi hulinda nyumba kwa muda, lakini wimbi linalogonga ukuta hurudi na mchanga wa mbele yake, na mwisho ule ufuo uliokuvuta unapotea. Pale ukuta unapoishia, bahari huanza kumla jirani. Ukikuta kiwanja kinauzwa mwishoni mwa ukuta wa mtu mwingine, ondoka. Kuna ishara nyingine zisizohitaji mhandisi: minazi iliyolala mizizi ikiwa nje, ngazi za ufukweni zinazoning'inia hewani, mawe ya mpaka yasiyoonekana tena. Waulize wavuvi wazee mitumbwi ilikuwa inavutwa mpaka wapi zamani. Nchi nyingi zina sheria inayokataza kujenga ndani ya umbali fulani kutoka alama ya maji makuu, na alama hiyo inahama na bahari. Hati iliyokuwa safi ulipoipokea inaweza kukukuta ndani ya eneo la wazi la umma bila wewe kusogeza hata tofali.

Kisima nacho ni jambo wanunuzi wa pwani hulijua wamechelewa. Chini ya ufuo maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi. Hesabu yake ni kali: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 za maji matamu chini yake. Kwa hiyo pampu ikishusha maji mita moja na kuendelea hivyo, mpaka wa chumvi hupanda kukufuata kwa mita nyingi, na si lazima iwe pampu yako. Hoteli mbili zikifunguliwa jirani, chai yako itabadilika ladha. Chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, jioni, baada ya watu kuvuta maji mchana kutwa, uipeleke maabara ipimwe kloridi. Ikizidi miligramu 250 kwa lita, ulimi utaanza kuisikia, na kisima kinachoonja chumvi leo hakitakuwa kitamu mwakani.

Ile nyumba ya zege inayouzwa usiipime kwa rangi, maana rangi ya pwani hupakwa upya kila inapotafutiwa mnunuzi. Zege zuri lina alikali inayoifunika nondo kwa utando mwembamba usioruhusu kutu. Chumvi ikipenya mpaka kwenye chuma, utando huo unavunjika, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka kutoka ndani. Beba nyundo ndogo. Gonga nguzo zote, hasa upande wa bahari na chini ya vibaraza. Sauti ngumu ni nzuri. Ukisikia uwazi kama wa debe tupu, tabaka limeshaachana. Tafuta nyufa ndefu zinazofuata mstari wa nondo, na madoa ya kahawia yanayochuruzika. Muulize muuzaji mchanga wa ujenzi ulitoka wapi. Akisema ulichotwa hapo hapo ufukweni, nyumba ilizaliwa na ugonjwa wake.

Ukijenga mwenyewe, nondo ifunikwe na zege lisilopungua milimita 50 kwa sehemu zinazopigwa na hewa ya bahari, na fundi asiguse maji ya chumvi hata kwa kumwagilia. Hapa ndipo ghuba inapopata alama. Chumvi ya hewani hutoka hasa pale mawimbi yanapovunjika, na nyingi huanguka ndani ya mita mia chache za mwanzo. Nyumba ya kilimani nyuma ya maji yaliyotulia itakudai bati, misumari na bawaba kwa nadra zaidi.

Lakini ghuba ina hila yake, ndiyo maana nasisitiza kilima. Dhoruba ikisukuma bahari ndani ya mdomo wa mto, maji hubanwa na kupanda zaidi kadiri njia inavyokuwa nyembamba. Yakikutana na mto uliofurika kwa mvua za bara, yanakosa pa kwenda. Uliza mafuriko makubwa ya mwisho yalifika wapi, kisha panda zaidi ya hapo. Mikoko ikiwa bado imesimama mbele ya mji, hiyo ni heri. Ikiwa imekatwa kupisha viwanja, ujue mji umeuza ngao yake.

Sasa masikio na goti, ambavyo umevitaja kama nyongeza wakati kwangu vinaamua nusu ya swali. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, karibu nusu ya waliokufa katika jimbo la Louisiana walikuwa na miaka 75 au zaidi. Maji hayakuwachagua, walishindwa kuondoka. Chora njia yako ya kukimbia ukijiona una miaka 78, usiku, king'ora kinalia na hukisikii. Mtu aliyeharibiwa masikio na milipuko hupoteza kwanza sauti nyembamba, na hata kifaa cha kusikia huvuliwa wakati wa kulala, tena unyevu wa pwani hukichosha mapema. Nunua kengele ya hatari ya kuwaka taa na kutikisa kitanda, na mpe jirani kijana ufunguo wa ziada. Huko bahari kuu, tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika Sri Lanka kama saa mbili baada ya tetemeko lililotokea ng'ambo ya bahari, na iliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi nyingi. Goti bovu linataka kilima kiwe tayari chini ya nyumba, si kilomita mbili kutoka hapo.

Hospitali nayo ina saa yake. Kiharusi cha damu kuganda hutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na humo ndani kuna safari, foleni na picha ya kichwa. Tazama kama barabara ya hospitali inapita daraja moja tu, na kama daraja hilo hufungwa wakati wa mvua. Halafu uliza kama bima yako ya kijeshi inapokelewa hapo, kwa kuwa hospitali za jeshi kwa kawaida ziko karibu na kambi, si karibu na fukwe.

Kuna jambo halimo kwenye barua yako: mke wako. Wewe umeota bahari kwa miaka yote ya kambi. Yeye anaota nini? Hesabu nyingi za pensheni hupungua mwenye nayo akifariki, na anayebaki ndiye atakayeishi na zege, kisima na majirani wapya. Kama hajaiona miji yote miwili, bado hujachagua.

Na wenzako je? Mwaka 60 baada ya Kristo, enzi ya mfalme Nero, Roma iliwapeleka askari wastaafu kwenye miji miwili ya pwani ya Italia, Tarentum na Antium, leo Taranto na Anzio, ili ijae watu tena. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba wengi walitawanyika, wakarudi majimbo walikomalizia utumishi. Anasema zamani kikosi kizima kilihamia pamoja na makamanda wake, ila safari hii walikusanywa watu wa vikosi tofauti wasiojuana. Ukiwa na wenzako wawili watatu waliokwisha hamia mojawapo ya miji hii, ningewapa uzito kuliko mandhari. Kama hakuna, tafuta mji wenye kazi ya mtu wa umri wako: bandari, chuo cha ufundi, kikosi cha uokoaji. Miaka 52 ni mapema mno kukaa barazani.

Kwa hiyo kiinua mgongo kiweke benki. Panga nyumba mji wa pili kwa mwaka mzima, uanze na msimu mbaya, si ule wa likizo. Ndani ya mwaka huo nenda ufukweni siku za bamvua, peleka sampuli ya kisima maabara, na ifuate barabara ya hospitali mvua inaponyesha. Ukishapata kiwanja, mlete mpima ardhi akuandikie kimo chake juu ya usawa wa bahari kwa mita, maana dalali atakuambia tu kwamba pako juu. Karatasi hiyo niletee pamoja na ramani ya nyumba, tuanze na msingi.